Tisheti yenye neno lako mwenyewe: mwongozo kamili kwa watu wa Mwanza, kuanzia kutafuta neno mpaka kufua

Kasimame Mlango Mmoja pale kwenye mitumba usome vifua vya watu wanaopita. Mzee kavaa fulana ya kambi ya vijana wa kanisa fulani huko Marekani, dada kavaa ya mbio za kuchangia hospitali ambayo hajawahi hata kuisikia, dogo wa bodaboda kifuani kaandikwa kwa kizungu kwamba yeye ndo bibi bora duniani, na wote wametulia wanaendelea na mishe zao. Sina ugomvi na mtumba, grade one naivaa kama kawaida, ila ukweli ni kwamba wengi tunatembea na maneno ya watu wengine kifuani na hatujui yanasema nini.

Huu mwongozo ni wa yule anayetaka neno lake. Sio biashara ya tisheti (hiyo ina mambo yake), ni wewe unataka nguo moja au mbili au za washkaji kumi, mtu akiziona ajue huyu ni nani. Na kitu cha kwanza ukubali ni hiki: tisheti ukishaivaa wewe huisomi tena, wanaosoma ni wengine, kutwa nzima, na watakuuliza. Kwaiyo neno zuri ni lile ambalo uko tayari kulisema kwa mdomo wako mbele ya yeyote atakayeuliza. Ukishika hilo hatua zote zinazofuata zinakuwa rahisi.

Alafu msije mkadhani ni mambo ya kuiga ulaya. Mama zetu wamekuwa wakiongea kwa kanga toka zamani sana, huko Mombasa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak ndo anatajwa kwamba alianza kuweka misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" mpaka leo unaikuta kwenye kanga. Mwanamke akijifunga "Japo sipati tamaa sikati" alafu akakatiza mbele ya nyumba ya fulani, ujumbe umefika na hajafungua mdomo. Tisheti inafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba kanga unachagua dukani kati ya zilizopo, tisheti unaandika mwenyewe, so hamna wa kumsingizia.

HATUA YA 1: KUTAFUTA NENO

Hapa ndo watu wanakimbia haraka, wanaenda kwa fundi wanauliza "una dizaini gani?" Fundi atakupa aliyompa mwenzako jana. Kaa chini kwanza.

Njia ninayoipenda kuliko zote: fungua WhatsApp yako, nenda kwenye magrupu ya watu wanaokujua vizuri, angalia wewe huwa unaandika nini mara kwa mara. Kila mtu ana kauli yake, kuna mtu kila kitu anajibu "tutaona", mwingine "twende tu", mwingine "kwani shilingi ngapi". Hiyo kauli ndo wewe, na rafiki zako wakiiona kifuani watacheka kwa sababu ni kweli. Ukiona huoni kitu waulize nyumbani, mdogo wako atakutajia papo hapo bila hata kufikiri.

Njia ya pili ni kazi yako au mtaa wako. Fundi gereji wa Igogo, muuza dagaa wa Kirumba, mwanafunzi aliyepanga Nyegezi, kila mmoja ana maneno ya kwao ambayo wa nje hayaelewi, na hapo ndo utamu, sio lazima kila mtu aelewe. Nenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi usome maandishi ya kwenye mitumbwi, au panda daladala ya Igoma usome migongo ya magari mbele yako. Wale watu hawana nafasi ya kuandika insha, wana ubao mfupi na rangi ya kopo, wanasema maneno mawili matatu na yanakaa. Usiwaibie, ila jifunze ule ufupi.

Njia ya tatu, lugha ya nyumbani. Tisheti imeandikwa "Mwangaluka" tu (salamu ya asubuhi ya Kisukuma), nyeupe juu ya nyeusi, ukipita nayo asubuhi kila Msukuma wa makamo atakuitikia kabla hujamsalimia. Ukiwa Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mkurya, Mjaluo, una ya kwenu pia, na mji huu una watu wa pande zote za ziwa kwaiyo wasomaji wapo. Angalizo moja: kamuulize mtu mzima anavyoliandika na anavyolitamka, usitegemee kumbukumbu ya likizo ya darasa la tano. Na Kisukuma kina ng' ya kutosha, kuna fonti za bure ile alama ya juu inapotea au inaruka mbali, angalia kwenye dizaini kabla ya kuprinti.

Kuna na mpira. Ukiandika "TP Lindanda", jina la utani la timu ya Pamba, vijana wa sasa wengine watakuuliza ni nini, ila wazee waliokuwa wanajaza uwanja wa CCM Kirumba enzi za Pamba watakusimamisha barabarani wakupe stori nusu saa, na toka Pamba Jiji warudi ligi kuu msimu wa 2024/25 ndo kabisaa. Neno la aina hiyo linachagua watu wake lenyewe.

Maoni yangu binafsi, mkubali mkatae: Rock City, lile jina la utani la Mwanza, imetosha. Na lile jiwe la Bismarck la ziwani pia, kila tisheti ya Mwanza ina lile jiwe na jua linazama, lile jiwe lenyewe limebeba jina la chansela wa Ujerumani ambaye hajawahi kukanyaga hapa. Kama unalipenda sawa, ila likikaa kifuani kwako linasema unatoka Mwanza, halisemi wewe ni nani Mwanza.

HATUA YA 2: LIJARIBU KABLA HUJALIPIA

Usilipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Liweke status, maandishi matupu bila maelezo, alafu sikilizia. Watu wakijibu "umepatwa na nini?" ujue linasomeka vibaya, wanaona kama umeachwa. Wakicheka au wakaliendeleza, liko vizuri. Rudia baada ya siku kadhaa, kama wewe mwenyewe limeshakuchosha kwenye status basi kwenye nguo litakuchosha mapema zaidi.

Jaribio lingine, lisome kwa sauti ukifikiria watu hawa: mama mkwe, mwenye nyumba, bosi, mchungaji au shehe wako, na ex wako. Kama kuna mmoja ungependa kufunga zipu ya jaketi ukimuona, punguza makali au ujue kabisa hiyo ni tisheti ya wapi na wapi. Maneno ya vijembe yana shida moja, uliyemlenga anaweza asipite kabisa, wakapita watu mia ambao hawahusiki na kila mmoja akadhani ni yeye.

Tahajia nayo. Sisi watu wa kanda ya ziwa tunajijua kwenye r na l, sasa kuongea ni kuongea, ila ukiprinti "maendereo" ishirini hakuna wa kukurudishia hela. Mpe mtu mwingine asome, mwambie asome herufi moja moja, macho yako yameshazoea hayaoni kosa. Kama umetaka kizungu hakikisha unajua maana yote, hata ile ya mtaani, na ndo hivyohivyo kwa mtumba unaomnunulia mtoto, piga picha maandishi weka Google Lens kwanza. Kuna watoto wanatembea na matusi kifuani mama zao hawajui.

HATUA YA 3: MIPAKA

Fupi tu. Kitambaa cha madoa ya kijeshi au kitu chochote kinachofanana na sare za majeshi yetu achana nacho, hata kama neno lako ni zuri namna gani. Sheria ipo, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe hizo nguo, haikuwa utani. Chata za makampuni na nembo za timu ni mali za watu, usizichukue ukazigeuza, hasa kama unataka kuuza. Siku ya kupiga kura usiende kituoni na nguo ya chama. Msibani vaa nguo isiyo na maandishi, isipokuwa kama ni zile fulana za familia zenye picha ya marehemu.

HATUA YA 4: LIKAE WAPI NA LIWE KUBWA KIASI GANI

Kifua kinasomwa kwa sekunde mbili, mtu anakuja mbele yako mnapishana basi. Mgongo unasomwa muda mrefu, kwenye foleni ya benki, kwenye daladala, na kama wewe ni bodaboda abiria anausoma toka Buzuruga mpaka mjini hana pa kuangalia pengine. Kwaiyo kifuani weka maneno mawili mpaka manne, mgongoni unaweza kuweka sentensi nzima. Mimi napenda kifuani neno dogo, mgongoni jibu lake.

Kuhusu ukubwa kuna mfano mmoja mzuri. Mwaka 1984 mbunifu wa Uingereza Katharine Hamnett alialikwa kwa waziri mkuu Margaret Thatcher, akaenda na tisheti imeandikwa kwamba asilimia 58 ya watu hawayataki makombora ya Pershing, yale ya nyuklia ya Marekani. Herufi nyeusi kubwa juu ya nguo nyeupe, zimejaa karibu mbele yote, hamna picha hamna maua. Wapiga picha walipata kila kitu kwenye picha moja na mpaka leo inasomeka hata ikiwa ndogo kwenye simu. Angeandika kwa fonti ya mapambo ya kadi ya harusi hakuna ambaye angeikumbuka.

Vipimo vya kuanzia kwa mtu mzima: maandishi ya kifua upana sentimita 25 mpaka 30, yaanze vidole vinne chini ya kola. Mafundi wengi wanashusha sana, maandishi yanaangukia tumboni, ukikaa yanakunjika na kama una kitambi ndo yanatangaza kitambi. Neno dogo la upande wa moyo upana kama sentimita 9 au 10. Mgongoni anzia chini kidogo ya mabega. Saizi ya mtoto punguza, usitumie faili lilelile.

Rangi: nyeupe kwenye nyeusi au bluu iliyokoza, nyeusi kwenye nyeupe au njano. Njano kwenye nyeupe haisomeki, nyekundu kwenye nyeusi ikifika jioni imepotea. Chapa dizaini kwenye karatasi A4, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi. Kama unakunja macho, ongeza unene wa herufi.

Dizaini yenyewe unafanya kwenye simu, Canva au PixelLab zinatosha kabisa. Fonti moja, mbili zikizidi sana. Hifadhi kama PNG isiyo na bakgraundi, ukubwa wa juu kabisa unaoruhusiwa, na mtumie fundi kama dokyumenti sio kama picha, WhatsApp ikituma picha inaibana na herufi zinakuja na ukungu pembeni.

HATUA YA 5: NGUO

Sisi ndo tunalima pamba, Usukumani ndo kitovu cha pamba ya nchi hii, alafu tisheti tupu za kuprintia nyingi zinatoka nje, ndo maisha. Cha kuangalia ni uzito wa kitambaa, ukiona imeandikwa gramu 160 mpaka 180 kwa mita ya mraba uko salama. Chini ya 150 kama ni nyeupe inaonyesha ndani. Haijaandikwa? Iinue kwenye mwanga uweke mkono ndani, ukiona vidole vyako vizuri iache. Vuta kola uachie, ikirudi haraka ni nzuri, ikibaki imelegea ndo itakavyokuwa baada ya kufua mara mbili.

Pamba au poliesta? Chomoa uzi mdogo kwenye pindo la ndani uuchome na kiberiti, pamba inanuka karatasi iliyoungua na inabaki majivu, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Kwa joto la hapa pamba ni bora mwilini, ila pamba inarudi kidogo ikifuliwa kwaiyo usichukue inayokubana. Fomu siksi yenye kola ni nzuri kama unataka neno dogo la kuheshimika la upande wa moyo, kifua kizima hapana kwa sababu vifungo vinakata maandishi katikati.

HATUA YA 6: AINA YA PRINTI

Hapa ndo hela inapotea kwa kutojua, soma taratibu.

Skrini. Wino unasukumwa kupita kwenye kitambaa cha wavu kilichobanwa kwenye fremu, kila rangi na fremu yake. Kuandaa fremu ndo gharama, kuprinti kwenyewe ni rahisi, kwaiyo tisheti moja inakuwa ghali na hamsini zinakuwa rahisi. Chukua mfano fundi anataka elfu 20 kuandaa fremu: ukiprinti moja yote inakaa kwenye hiyo moja, ukiprinti ishirini ni buku tu kwa kila tisheti. Ni printi inayodumu sana ikiwa wino umeiva, wino wa plastiki unahitaji kufika kama nyuzi 160 ndo unashika. Ujaribu hivi: vuta kidogo sehemu ya maandishi, yakipasuka nyufa hayajaiva, mrudishie. Kwenye nguo nyeusi nyeupe ipigwe mara mbili, ikipigwa mara moja inakuwa kijivu.

DTF. Dizaini inaprintiwa kwenye filamu, inawekwa unga wa gundi, inabanwa kwenye nguo na mashine ya joto, kawaida nyuzi 150 mpaka 160 kwa sekunde 10 mpaka 15. Rangi zozote, nguo ya rangi yoyote, hata moja wanafanya. Ndo chaguo la wengi wa tisheti moja. Shida yake ni kwamba inakaa kama ngozi juu ya nguo, ukiweka boksi kubwa la rangi kifuani kwa jua la saa nane la Mwanza unaloa jasho chini yake. Dawa ni kuprinti herufi tupu bila bakgraundi, hewa inapita katikati.

Vainili. Herufi zinakatwa na mashine kutoka kwenye karatasi ya plastiki ya rangi moja kisha zinabanwa. Nzuri kwa majina na namba. Herufi nyembamba zinabanduka mapema.

Sablimesheni. Hii ndo ya jezi, rangi inaingia ndani ya uzi kabisa, haibanduki milele. Lakini inakubali poliesta tu na nguo nyeupe au ya rangi hafifu. Fundi akikwambia atakufanyia sablimesheni kwenye pamba nyeusi, aga uondoke.

Darizi ni ya kapelo, fomu siksi na hudi. Herufi zenye kimo cha chini ya nusu sentimita zinafungana hazisomeki.

HATUA YA 7: KUONGEA NA FUNDI

Usiende na maneno ya mdomo tu, mtumie ujumbe ambao utakuwa ushahidi wako. Kitu kama hiki:

"Habari za kazi fundi. Naomba tisheti 1 nyeusi ya pamba saizi L. Kifuani neno MWANGALUKA, herufi kubwa zote, nyeupe, upana sm 28, lianze vidole vinne chini ya kola. DTF, bila bakgraundi. Faili nimekutumia kama dokyumenti. Naomba picha ya dizaini ikiwa juu ya tisheti kabla hujabana. Naitaka Alhamisi jioni, nalipa nusu sasa nusu nikiichukua."

Hiyo picha kabla ya kubana ndo ulinzi wako mkubwa, ikishabanwa imebanwa. Kama ni nyingi za washkaji, lipia moja kwanza, ivae, ifue, ndo uruhusu zingine. Fundi mzuri hakasiriki kwa hilo. Na anayekwambia "niachie tu mi najua" bila kukuuliza saizi, shukuru tu kwa heshima nenda wa jirani.

HATUA YA 8: KAMA HELA HAMNA, FANYA MWENYEWE

Unahitaji filamu ya zamani ya X-ray, wembe, kipande cha sponji ya godoro, rangi ya kitambaa na boksi. X-ray huwa ina jina la mgonjwa pembeni kwaiyo tumia yako au ya nyumbani. Iloweke kwenye Jik, weusi unatoka inabaki plastiki inayoonyesha upande wa pili (fanyia nje, vaa glovu, usichanganye Jik na dawa nyingine yoyote). Ioshe, iweke juu ya maandishi uliyochapa, chora, kata kwa wembe. Herufi kama A, O, B, R zina kitobo katikati, acha vidaraja viwili vidogo la sivyo katikati patadondoka.

Ingiza boksi ndani ya tisheti ili rangi isipenye mgongoni, bandika filamu kwa selotepu, chovya sponji kwenye rangi kisha ikandamize kwanza kwenye karatasi mpaka iwe karibu kavu, ndo ugonge-gonge juu ya herufi. Usipake, gonga. Rangi nyingi inapita chini ya filamu na herufi zinavimba. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene. Iache siku nzima ikauke, geuza ndani nje, pitisha pasi ya moto juu ya kitambaa kwa dakika chache. Maandishi hayatanyooka kama ya mashine, na mi naona yana mvuto zaidi, yanafanana na ya kwenye mtumbwi.

HATUA YA 9: KUFUA NA KUTUNZA

Siku ya kwanza usifue, subiri angalau saa 24. Baada ya hapo geuza ndani nje, maji ya baridi, sabuni ya kawaida, usisugue maandishi kwenye maandishi na usiloweke usiku kucha. Jik hapana. Anika kivulini au ikiwa imegeuzwa, jua letu linakula rangi. Pasi usiipitishe juu ya printi moja kwa moja, weka kitambaa kati au piga upande wa ndani. DTF ikianza kuinuka pembeni mrudishie fundi aibane tena kabla haijatoka yote, ni kazi ya sekunde.

Na siku ukiona neno limeacha kuwa lako, umehama mtaa, umeacha kazi, mliachana, usiivae kwa sababu tu uliilipia. Vainili unaweza kuibandua kwa kuipasha na pasi huku unavuta taratibu, ingawa kivuli kinabaki kama nguo imepauka. Skrini iliyoiva haitoki, hiyo igeuze ya kulalia au ya kuoshea pikipiki. Usimpe mdogo wako kama lina jina la mtu. Ila faili la dizaini usifute, lihifadhi kwenye barua pepe yako sio kwa fundi, mafundi wanabadilisha simu kila siku.